Vaiza za madirisha ya pikapu: kuchagua na kufunga ukiwa Mtwara au Lindi

Mvua za Kusini huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na huja joto likiwa bado halijaondoka. Mwenye pikapu isiyo na kiyoyozi, au yenye kiyoyozi kilichokufa siku nyingi, anaijua tabu yake. Akifunga vioo, kioo cha mbele kinajaa ukungu na shati linamganda mgongoni. Akifungua, goti linalowa na swichi za mlangoni zinakunywa maji. Msimu huohuo ndio korosho zinasombwa kupelekwa kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), kwa hiyo kupaki kusubiri jua si jambo la kuwaza.

Vaiza ni kile kipande cha plastiki kilichopinda kinachokaa juu ya kioo cha mlango kwa nje. Wengine wanakiita kizuia mvua. Usikichanganye na ile bapa ya ndani inayoshushwa kukinga jua machoni. Ukiwa nacho unaweza kushusha kioo vidole viwili mvua ikiendelea kunyesha, hewa ikazunguka, ukungu ukaondoka, na ukipaki juani joto likapata pa kutokea.

Kabla hujatoa hela, jua pia vaiza isichofanya. Vaiza haizuii vumbi. Gari likikimbia huku kioo kimeshuka kidogo, upepo unaopita nje unavuta hewa ya ndani itoke, na pengo hilo linazibwa na hewa inayopenya kwenye raba zilizochoka, mara nyingi ikiwa na vumbi la nyuma ya gari. Kwenye barabara za udongo za Tandahimba au Liwale funga vioo kabisa, washa feni ichukue hewa ya nje, vumbi litasukumwa badala ya kuvutwa. Ukiwa umemfuata mwenzio kwa karibu, badili hewa izunguke ndani mpaka umpite. Vaiza haizuii jua la mbele pia. Ukitoka Mingoyo kwenda Masasi saa kumi jioni jua linakutazama usoni, na hakuna plastiki ya mlangoni itakayokuokoa.

Hatua ya kwanza: kagua milango yako

Watu wengi wanaanza dukani, wakiulizia ile nyeusi waliyoiona kwenye gari la fulani. Anza na gari lako. Mambo matatu yatakuamulia aina ya vaiza kabla muuzaji hajafungua kinywa.

La kwanza ni namna kioo kinavyopanda. Kama unazungusha kwa mkono, una uhuru mkubwa. Kama ni cha umeme, bonyeza swichi ya kupandishia mara moja kisha uiachie. Kioo kikisimama pale pale, hicho ni cha umeme wa kawaida. Kikiendelea kupanda chenyewe hadi juu, kina uwezekano wa kuwa na kinga ya kubana: kikigusa kitu njiani kinarudi chini ili kisiumize mtu. Jaribu kwa sponji ya kuoshea vyombo iliyowekwa juu ya ukingo wa kioo, usijaribu kwa kidole. Jibu la jaribio hilo lishike, tutalihitaji sasa hivi.

La pili ni raba inayouzunguka mfereji wa kioo. Ipitishie kidole yote, kutoka kwenye saidi mira hadi nyuma. Ikiwa imekauka, imepasuka au imejikunja, kuna aina moja ya vaiza, ile ya kuchomeka tutakayoifikia, ambayo usiiguse mpaka ubadilishe raba.

La tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, ni rangi ya fremu ya mlango. Pikapu nyingi zimeshapigwa puti na kupakwa rangi upya mahali fulani. Rangi iliyopakwa juu ya kutu au bila kusuguliwa vizuri haina mshiko, na tepu ya gundi ikivuta, rangi inakuja na tepu. Gonga kwa ukucha, tazama malengelenge. Magari yanayolala Shangani au Mikindani karibu na maji huanza kutoa malengelenge hayo kwenye kona ya juu ya mlango, pale chumvi inapokaa na unyevu.

Hatua ya pili: aina tatu za ufungaji

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo tusikimbie.

Aina ya kwanza inachomekwa ndani ya mfereji wa kioo. Ukingo wake mwembamba unaingia kati ya raba na mdomo wa nje wa fremu, na kioo kikipanda kinaubana. Haihitaji gundi kwenye rangi, au inahitaji vipande vidogo vya tepu kwenye ncha tu. Kwa nje inaonekana safi, imekaa karibu na mlango, na kibaka hawezi kuing'oa kirahisi kioo kikiwa juu. Ubaya wake ni kwamba imekula nafasi ya kioo. Kioo kinapanda kwa ugumu, hasa wiki za mwanzo. Mota iliyochoka itasikika ikilalamika. Kioo chenye kinga ya kubana kinaweza kuiona vaiza kama mkono wa mtoto na kurudi chini kila mara. Isitoshe, mchanga ukiingia mferejini unabaki umebanwa na kukwaruza kioo taratibu. Kwa anayeendesha kwenye udongo mwekundu wa Newala kila siku, hilo ni jambo la kufikiria.

Aina ya pili inabandikwa kwa tepu ya pande mbili juu ya fremu, nje kabisa. Haigusi kioo wala raba. Kioo cha umeme cha aina yoyote kinaendelea na kazi yake kama hakuna kilichotokea. Ubaya wake wote umo kwenye gundi: usafi wa siku ya kubandika, ubora wa tepu, na hali ya rangi iliyo chini. Ikibandikwa vibaya utaiona ikipepea ukiwa spidi themanini, kisha siku moja haipo. Mashine ya presha ya kuoshea magari ikielekezwa kwenye ukingo wake kwa karibu inamaliza kazi hiyo mapema zaidi.

Aina ya tatu ni ya tepu pamoja na klipu. Klipu ndogo za chuma zinaingia chini ya raba na kushikwa na vaiza, kwa hiyo tepu ikilegea kuna kitu bado kinaishikilia. Vaiza nyingi zinazokuja na magari kutoka Japani zimefungwa hivi, na ndiyo sababu unaona gari la miaka mingi bado linazo zote nne. Kwa pwani yetu sharti ni moja: klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Klipu za chuma cha kawaida zinaacha michirizi ya rangi ya chai kwenye gari jeupe, na kutu hiyo haiishii kwenye klipu.

Ushauri wangu ni huu. Kioo chenye kinga ya kubana: chukua ya tepu na klipu, usibishane na umeme. Kioo cha kuzungusha kwa mkono, raba nzima, gari linalotembea zaidi kwenye lami ya Mtwara, Lindi na Masasi: ya kuchomeka itakufaa sana. Kioo cha kuzungusha lakini gari linashinda mashambani kwenye mchanga: ya tepu na klipu tena. Fremu yenye rangi mbovu: tengeneza rangi kwanza au nenda kwenye ya kuchomeka. Ya tepu peke yake ninaiweka mwisho. Si mbaya, ila inadai ufungaji makini kuliko wengi wanavyokuwa tayari kuufanya.

Wenye kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, nao huuliza. Kanuni ni zilezile, na kwa kuwa vingi vina vioo vya kuzungusha, ya kuchomeka huwa rahisi, mradi upate iliyotengenezwa kwa mlango wa gari hilo.

Hatua ya tatu: plastiki yenyewe

Vaiza nyingi ni za akriliki au polikaboneti. Kwa macho zinafanana. Akriliki inavumilia jua vizuri, haibadiliki rangi upesi, ila ni kavu: ikipigwa inapasuka. Polikaboneti inapinda na kurudi, inastahimili kipigo, ila ikikosa tabaka la kuikinga na miale ya jua inakuwa ya manjano na ukungu, kama taa za mbele za magari ya zamani.

Jua la kwetu si la kuchezea. Mtwara iko nyuzi kama 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena Februari. Ukichukua polikaboneti, uliza kama ina kinga ya jua na usome kwenye boksi. Isipoandikwa, chukulia kwamba haina.

Kinachoamua baina ya hizo mbili ni njia unazopita. Kwa gari la mjini na barabara kuu, akriliki inatosha. Kwa gari linaloingia kwenye mikorosho mambo ni mengine. Matawi ya mkorosho yanatanda chini, njia za shamba ni nyembamba, na tawi likishikwa na saidi mira linajirudisha na kuchapa juu ya mlango pale pale vaiza ilipo. Hapo polikaboneti yenye kinga inafaa zaidi, tena nyembamba, isiyotokeza sana. Zile pana zinazotoka nje kama ukingo wa kofia ziwaachie wanaozunguka Soko Kuu.

Rangi: nyepesi ya moshi. Nyeusi tii inapendeza kwenye picha, lakini kaa kwenye kiti chako cha dereva, mtu aishikilie mahali pake, kisha tazama saidi mira ya kulia kama unataka kuovateki lori. Dereva mrefu macho yake yanakuwa sawa na vaiza, na usiku wa mvua kipande hicho cheusi kinameza taa ya bodaboda anayekuja pembeni. Zisizo na rangi kabisa zinaonyesha vizuri, ila mikwaruzo nayo inaonekana yote.

Hatua ya nne: kuagiza bila kujuta

Maduka ya spea ya Mtwara na Lindi yana zile za magari yanayotembea sana tu, na mara nyingi utaagiza Kariakoo ziletwe kwa basi. Usimwambie muuzaji "vaiza za Hilux". Hilux zilizoanza kutengenezwa 2004 na 2005, ambazo wengi wanaziita Vigo, haziingiliani na Revo zilizoanza 2015. Na singo kebini usiichukulie kama dabo kebini iliyokatwa nyuma, kwani milango ya mbele inaweza kutofautiana urefu. Tuma jina la gari, mwaka, namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari, idadi ya milango, na picha ya mlango kutoka ubavuni ukiwa umefungwa. Taja kama mlango wa mbele una kile kioo kidogo cha pembetatu, maana kinabadilisha umbo la vaiza.

Kwa gari la zamani ambalo muuzaji hana uhakika nalo, chukua boksi kavu, libandike juu ya fremu, chora kwa penseli kufuata ukingo wa juu kutoka saidi mira hadi nyuma, kisha ulikate. Kipimo hicho cha boksi kinatumwa kwa basi na kurudi na jibu la kweli.

Mwambie anayetuma afunge vaiza kati ya maboksi mawili magumu na asiziache zilale chini ya magunia. Safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na plastiki iliyopindwa kwenye buti lenye joto inafika ikiwa imejikunja. Zikifika, usibandue karatasi ya tepu. Iweke vaiza juu ya mlango kwa mkono na utazame ncha zote mbili. Ikiwa ncha imenyanyuka na inabidi uisukume ilale, irudishe. Gundi haishindani na plastiki inayotaka kuondoka kila siku.

Angalia tepu pia. Ile nzuri ni ya kijivu au nyeusi, ina unene, ukiibonyeza inarudi taratibu. Ile nyeupe ya sponji, ya kubandikia picha ukutani, haifai hapa. Kama vaiza yenyewe ni nzuri na tepu ni mbaya, bandua tepu na uweke ya magari. Ni kazi ndogo kuliko kununua vaiza mara mbili.

Hatua ya tano: kufunga

Ya tepu, au ya tepu na klipu. Chagua kivuli, asubuhi baada ya umande kukauka. Tepu hizi hushika vyema bati likiwa kati ya nyuzi joto 21 na 38, na hapa kwetu kivuli kinatosha kukupa hiyo. Bati lililokaa juani hadi mkono haukai limepita kiasi.

Osha fremu kwa maji baridi na sabuni hata kama inaonekana safi, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari haionekani. Kausha kabisa. Kisha futa kwa kitambaa kipya chenye spiriti, ukielekea upande mmoja tu, usirudi nyuma na kitambaa kilekile. Petroli na tina weka mbali. Zinashambulia plastiki, zikaacha nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na petroli inaacha mafuta ambayo gundi haiyapendi. Kama gari lilipigwa polishi juzi, futa kwa spiriti mara mbili.

Weka vaiza mahali pake bila kubandua, weka alama kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Kama kuna klipu, ziingize chini ya raba kwanza. Sasa bandua karatasi ya gundi kwenye ncha zote mbili, kama vidole vitatu hivi, na ukunje mikia itokeze nje. Rudisha vaiza kwenye alama, bonyeza ncha, tazama ukiwa umesimama mbali kidogo. Ikiwa sawa, vuta mikia taratibu huku mwenzio akibonyeza. Ikiwa upogo, bado una nafasi ya kurekebisha, na ndiyo faida ya kubandua ncha kwanza. Baada ya hapo bonyeza kwa kiganja shubiri kwa shubiri, kwa nguvu, ukihesabu hadi thelathini kila mahali. Gundi hii inaamshwa na mgandamizo, kupapasa hakutoshi.

Kisha acha. Gundi ya tepu nzuri inafika karibu nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Kwa hiyo siku ya kwanza gari lisioshwe wala lisinyeshewe, na safari ya kasi kwenda Kilwa isubiri. Fundi anayekuambia "tayari bosi, nenda" baada ya dakika tano amemaliza kazi yake tu, gundi bado.

Ya kuchomeka. Shusha kioo chote. Safisha mfereji kwa mswaki laini hadi mchanga usitoke tena, kisha kitambaa chenye maji, kisha uache ukauke. Pulizia silikoni kidogo kwenye raba. Grisi usiweke, itakusanya vumbi na kuwa msasa. Ingiza ncha ya mbele, upande wa saidi mira, halafu ipinde vaiza katikati kwa vidole, taratibu, mpaka ncha ya nyuma iingie, ndipo uiachie ijisukume juu ndani ya mfereji. Pandisha kioo polepole. Kikikwama, shusha, sukuma vaiza kwa nje, rudia. Kikishafika juu kikae hapo siku nzima, na siku tatu ni bora. Raba inahitaji muda wa kuizoea.

Jaribu kabla mvua haijakujaribu: shusha kioo vidole viwili, mtu amwage ndoo ya maji juu ya paa, wewe kaa ndani. Matone yakiingia kwenye kona ya nyuma, pandisha kioo kidogo mpaka yakome, na kushusha zaidi ya hapo usithubutu. Na ukipaki na kuondoka, vidole viwili ni vingi mno, kibaka mwenye waya atapitisha. Kimoja kinatosha kutoa joto.

Hatua ya sita: kuziweka hai, na kuziondoa

Vumbi lisifutwe kavu. Maji kwanza, mengi, ndipo kitambaa. Hii ni muhimu zaidi kati ya Juni na Septemba mikorosho inapopuliziwa salfa, maana unga huo unajaa kwenye upenyo kati ya vaiza na mlango na kukaa humo. Presha isielekezwe kwenye ukingo. Simama hatua mbili nyuma na uelekeze maji kutoka juu kwenda chini. Oktoba, kabla ya mvua, pitisha ukucha chini ya tepu kuanzia mbele. Pakiingia ukucha, maji yameshaingia pia.

Kuziondoa ni kazi ya uvumilivu. Usiingize bisibisi. Acha gari juani gundi ilainike, kisha chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mwembamba lakini mgumu, uupitishe nyuma ya vaiza na uusogeze mbele na nyuma kama msumeno, ukifuata mstari wa tepu. Vaiza itadondoka mkononi. Mabaki ya gundi yaviringishe kwa kidole gumba yatoke vipande vipande, na yanayobaki futa kwa spiriti. Ukikuta nukta ya kutu iliyokuwa imejificha chini ya tepu, isugue, ipake rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke vizuri kabla ya kubandika nyingine juu yake.